Asante dada wa mahakamani
Dada uliyenikuta nalia nje ya mahakama, ulisema nisikutaje jina basi nakushukuru hivi hivi watu wajue. Nilitolewa kwenye nyumba tuliyojenga wote na mwanaume niliyekuwa naishi naye, eti sina cheti cha ndoa na kiwanja kina jina lake, nikajua ndo basi. Ukanieleza kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kwamba mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wanawajua kama mke na mume mahakama inaweza kuwahesabu wanandoa na mali ikagawanywa. Ukanitajia na kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kumbe hata kupika na kulea ni mchango kwenye mali! Halafu ukakaa na mimi kupanga risiti za saruji na bati, zile zilizofifia ukazipiga picha na simu yako kabla hazijafutika kabisa, ukanipeleka kwa mjumbe, ukaongea na majirani wakubali kutoa ushahidi, nauli yako mwenyewe na hata soda ulikataa. Mgao wangu nimepata dada. Nyie mnaojua sheria hata kidogo, kama kuna jirani yako kafukuzwa mwambieni leo aanze kukusanya risiti, wengi hatujui kabisa.