Utabiri wetu wa Tuzo za Oscar
Ndugu wanakikundi,

Naomba kila mmoja atume utabiri wake kabla mshindi wa kwanza hajatangazwa, jina moja kwa kila kipengele, na aweke nyota kando ya yule anayemshangilia kwa moyo, kwani si lazima awe yule anayemtabiria ushindi. Katika Filamu Bora mkumbuke kwamba wapiga kura huzipanga filamu kwa kufuatana na wanavyozipenda, na ile yenye kura chache za kwanza huondolewa, kura zake zikagawiwa zilizobaki hadi moja ivuke nusu. Hivyo filamu isiyochukiza wengi ina nafasi kubwa. Pointi nitazitoa baada ya sherehe kumalizika, maana mwaka 2017 filamu ya La La Land ilitangazwa kimakosa kuwa Filamu Bora badala ya Moonlight.