Kompyuta za zamani zisitupwe, bado zinaweza kuzungumza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu, hasa wa hapa Moshi, wasiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 kwa sababu tu hazina mahali pa kuchomeka flashi. Mahali pa kuziunganisha na mashine za leo panaweza kutengenezwa kwa mkono, nami nimefanya hivyo.

Yangu ni ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982, ambayo marehemu kaka yangu alirudi nayo kutoka masomoni. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hiyo mashine za enzi hizo ni chache kwetu. Namna kaka alivyopita nayo forodhani sikuwahi kumuuliza. Programu zake huhifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, zilezile tulizorekodia kwaya, na katika kaseti zangu zimo hesabu za kahawa nilizokitunzia chama chetu cha msingi. Sasa zinaota ukungu, na kila mwaka moja au mbili hukataa kusomeka.

Nyuma ya mashine hiyo bodi imeachiwa ukingo wenye mistari ya shaba, ambako njia za prosesa ya Z80 (chipu iliyo ubongo wa kompyuta), yaani za anwani, za data na za amri, zinafikika bila kufungua chochote. Hapo nilichomeka kibao nilichokilehemu mwenyewe, chenye chipu ya 8251, ambayo hupokea biti nane zinazofika kwa pamoja na kuzitoa moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja. Chipu ya pili, MAX232, huzigeuza volti 5 za mashine kuwa volti chanya na hasi zinazotakiwa na mlango wa siriali, yaani ule unaopitisha biti moja moja. Hiyo niliitoa kwenye risiva ya dishi iliyokufa, niliyoinunua soko la Memorial kwa bei isiyofika sahani ya chipsi mayai.

Nilipoteza wiki nzima kwa kosa langu mwenyewe. Kibao nilikipa namba ya mlango, yaani namba ambayo prosesa hukiitia, iliyo shufwa, nikasahau kwamba saketi inayosoma kibodi ya Spectrum huitikia kila namba shufwa, hivyo vyote viwili vikawa vinajibu kwa wakati mmoja na mimi nikawa napokea takataka tupu. Nilipohamia namba witiri, herufi zikaanza kuonekana kwenye kompyuta ya mjukuu wangu. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, kila baiti ikichukua biti 10 pamoja na ile ya kuanzia na ya kumalizia, kilobaiti zote 48 za kumbukumbu huhama kwa muda usiofika dakika moja, ilhali kaseti huchukua karibu dakika tano.

Atakayejaribu ajue pia kwamba mashine hii hailiandiki neno la amri PRINT herufi kwa herufi, bali hulihifadhi kama namba moja, 245. Ukituma programu kama ilivyo, upande wa pili utaona vibambo visivyoeleweka, hivyo ilinibidi kuandaa jedwali la kuyarudisha maneno yote ya BASIC, lugha ya programu ya mashine hiyo.

Kwa walimu wa vyuo vya ufundi, ombi langu ni kwamba mkipewa mashine ya namna hii muipokee. Ndani ya simu mwanafunzi hawezi kuufuata waya hata mmoja, lakini hapa anaweza kuweka ncha ya mita kwenye kila njia na kuipima. Na aliye na kaseti za aina hiyo, hata kama hana tena mashine ya kuzisomea, aziweke mahali pakavu na mbali na spika, kwa kuwa sumaku ya spika hufuta.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi