Barua ya kufunga muhula: matokeo, chakula cha mchana na lambo letu

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa hii. Mvua zimeanza na wengi wenu mnashinda mashambani, ndiyo maana nimempa kila mtoto nakala ya barua hii aifikishe mkononi mwa mzazi. Asiyesoma asomewe, na asomewe mpaka mwisho.

Nianze na furaha. Matokeo ya darasa la saba mmeyasikia: watoto wetu wote waliofanya mtihani wamefaulu na wamepangiwa kidato cha kwanza, na katika Hisabati wasichana ndio walioongoza. Mwalimu wao alikuwa akibaki nao chini ya ule mkwaju mpaka jua linazama. Mkikutana naye njiani, mpeni mkono.

Jambo lililonipa fahari kuliko hata matokeo ni lile la siku ya mahafali. Mliokuwepo mliona. Klabu ya afya ilionyesha namna ya kumwokoa mtu anayezama bila mwokoaji kuingia majini. Binti wa darasa la sita alishika dumu la mafuta la lita tano lenye maji kidogo ndani, yale ya kulipa uzito liweze kurushwa mbali, kifuniko kimekazwa, kamba ya katani imefungwa kwenye mpini. Akalala kifudifudi ukingoni ili asivutwe, akarusha, dumu likatua karibu na mkono wa mwenzake aliyekuwa akijifanya anazama, akamvuta taratibu huku akimwambia, "Likumbatie kifuani, usiliachie!" Mgeni rasmi alisimama kupiga makofi. Waliojifunza haya ni watoto wa miaka 12, na wametuzidi sisi watu wazima, maana wengi wetu tungejirusha majini na wakaopolewa wawili badala ya mmoja.

Vyoo vipya vya wasichana vimekamilika. Madawati yanatosha. Sare ni zile zile.

Sasa nihamie kwenye lililoniuma. Tukio la Oktoba kila mtu analijua, lakini limesimuliwa kwa namna nyingi kijijini, kwa hiyo naliandika kama lilivyokuwa. Wavulana watatu wa darasa la tano waliaga saa saba mchana kwamba wanakwenda kula nyumbani. Hawakufika nyumbani, walikwenda lambo, bwawa letu la kijiji. Maji yalikuwa yamepungua kwa kiangazi, ukiyatazama unadhani ni ya kufika kiunoni. Mmoja alifuata mpira wao wa makaratasi, akapiga hatua moja akatumbukia kwenye shimo lililobaki siku ile mtambo ulipochimba udongo wa kuinulia tuta. Hakupiga kelele. Anayezama hana pumzi ya kupigia kelele, na maji yetu ni ya tope, ukishazama sentimita chache hakuna anayekuona. Mchungaji aliyekuwa akinywesha ng'ombe kwenye mbauti, lile birika la kunyweshea mifugo, ndiye aliyeona wale wawili wakihangaika, akaingiza fimbo yake ndefu mpaka ikashikwa.

Walipomtoa, watu wakamning'iniza kichwa chini wakimtikisa maji yatoke. Nawasihi tuiache desturi hiyo. Inapoteza dakika ambazo mtoto hana. Mwalimu wetu wa zamu alipofika mbio alimlaza chali, akainua kidevu, akambana pua na kumpulizia pumzi mdomoni, kisha akaanza kubonyeza kifua kwa nguvu na kwa haraka, akirudi kwenye pumzi kila baada ya muda. Mtoto akakohoa. Hata baada ya hapo tulimkimbiza zahanati, kwa sababu aliyemeza maji mapafuni anaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye. Yupo, anasoma, na muhula huu ameshika nafasi ya tatu darasani.

Kwenye kikao mliuliza walimu walikuwa wapi. Ni haki yenu kuuliza, na jibu langu ni hili. Watoto wale watatu hawakuwa kwenye orodha ya chakula cha mchana. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kilichoondolewa ni ada. Chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki mikononi mwa mzazi, na sisi wenyewe, kwenye mkutano, kwa kunyoosha mikono, tulikubaliana debe moja la mahindi, kilo nne za maharage na shilingi 3,000 za mpishi kwa muhula. Zaidi ya theluthi moja yenu hamjaleta hata kisado. Na hiki si kipindi cha njaa. Mavuno ya mwaka huu tuliyaona, na pikipiki mpya barabarani tunaziona. Hakuna mtoto tunayemfukuza jikoni. Ila mtoto ana aibu. Hawezi kukaa akiwatazama wenzake wakila, kwa hiyo anaaga kwamba anakwenda kwao, na kwao mlango una kufuli kwa sababu mama yuko shambani. Atakwenda wapi saa saba mchana, na jua lile? Mnaosema michango ya chakula ni habari moja na lambo ni habari nyingine, fuateni nyayo za watoto hao watatu.

Lililonichoma zaidi lilitokea Jumapili iliyofuata. Nilipita lambo baada ya ibada nikakuta watu wazima wanaoga, wengine wanaosha pikipiki ukingoni, vijana wanaruka kutoka juu ya tuta huku wakishangiliwa. Wawili kati ya wale wavulana watatu walikuwa majini, na baba zao wamekaa kivulini wanawatazama. Siku tatu tu zilikuwa zimepita. Nimewafundisha watoto wenu wiki nzima, halafu mmenifutia ubao kwa alasiri moja.

Sina ugomvi na lambo. Malambo ya Usukumani yana historia, mengi yalikingwa tuta tangu mpango wa maendeleo wa miaka ya 1940 na 1950, na bila hili la kwetu ng'ombe wangekwisha kila kiangazi. Kukaa pale jioni, kuvua kambale na perege kwa ndoano ukiwa nchi kavu, kucheza mpira kwenye uwanda uliokauka, hayo ni mapumziko mazuri na Krismasi mwende. Lakini mtoto wa shule hii asiingie majini. Hata wa mwisho darasani, hata anayejidai anajua kuogelea.

Kuzama si hatari pekee. Kichocho kimo. Mgonjwa akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa wale konokono wadogo wanaoshikilia matete, kisha vinatoka kwa wingi hasa mchana jua linapowaka na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache bila yeye kuhisi. Wapo wazee wanaosema kijana akikojoa damu ni dalili ya kukua. Hapana, ni ugonjwa, na ukiachwa miaka unaharibu kibofu mpaka kuleta saratani. Siku ya dawa, tulipowapima watoto urefu kwa ile fito yenye alama ili kila mmoja apewe vidonge vinavyomtosha, wapo mliowaficha nyumbani kwa madai kwamba dawa inalewesha. Inamsumbua zaidi mtoto aliyemeza na tumbo tupu, na hapo tumerudi kwenye debe la mahindi.

Masika yakikolea hatari inahamia kwenye utoro wa lambo, yaani ile njia ya kupunguzia maji. Pale maji ya ziada yanapomwagika, mkondo wa kufika magotini tu unamwangusha mwanamume mzima, na mwaka jana niliona watoto wakivuka wakiwa wameshikana mikono ili kufupisha njia. Wapitie juu, barabarani, hata kama ni mbali.

Na tuta lenyewe. Ng'ombe wanapandishwa juu yake, kwato zinalimomonyoa. Miti imeota ubavuni, na mizizi yake ikioza inaacha njia ya maji. Panya wamechimba. Kuna bustani zimelimwa mpaka ukingoni wakati sheria inataka mita 60 kutoka kwenye maji. Wenzetu wa Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa lililokuwa juu ya makazi yao lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 baada ya mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto wengi. Madarasa yetu matatu ya chini yako bondeni, upande wa nje wa tuta. Yeyote atakayeona maji yanavuja upande huo, ayatazame rangi. Yakiwa na tope, maana yake yanabeba udongo wa ndani ya tuta. Aje kwangu au kwa mwenyekiti wa kijiji saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Madumu mawili yenye kamba yametundikwa kwenye mti ulio karibu na mbauti. Ni ya kuokolea watu. La tatu limeshaibwa. Aliyelichukua kuchotea maji alirudishe, sitauliza jina.

Shule itafunguliwa Januari kwa tarehe itakayotangazwa. Kikao cha kwanza cha wazazi kitakuwa Jumamosi ya pili baada ya kufungua, saa mbili asubuhi, na hatutakifanyia darasani, tutakifanyia juu ya tuta. Njooni na majembe, mapanga na sururu. Tutaziba mashimo, tutang'oa miti ingali midogo na tutazungushia miiba lile shimo. Wenye madeni ya chakula waje na mahindi siku hiyo hiyo, mzani utakuwepo, na majina yatasomwa.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu