Mkulima wa Slovakia hakuvaa nguo za sikukuu kila siku

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa utamaduni ulichapisha mchoro wa akina mama wa Slovakia wenye mashati ya mikono mipana, aproni za kudariziwa na kofia nyeupe. Chini yake mliandika: "Mavazi ya kale ya Ulaya Mashariki." Mchoraji hakutajwa, kijiji hakikutajwa, wala mwaka. Maelezo hayo yameniuma.

Nilisomea misitu mjini Zvolen, katikati ya Slovakia, miaka ya 1980. Detva haiko mbali na hapo, chini ya mlima Poľana, na Jumapili niliwaona bibi wazee wakienda kanisani na mavazi yao. Shati la mwanamume wa Detva ni fupi hata tumbo huonekana juu ya mkanda mpana wa ngozi, na darizi za huko hufanywa kwa sindano iliyopinda. Ukihamia bonde jingine unakuta mshono mwingine na rangi nyingine. Msichana alisuka nywele na kuzipamba kwa utepe. Usiku wa harusi alivuliwa taji akavishwa kofia ya mke wa mtu, na tangu hapo hakutembea kichwa wazi. Kwa hiyo mwenyeji akikutazama tu alijua umetoka wapi na kama umeolewa. Ukiandika "Ulaya Mashariki" umeyafuta yote hayo kwa maneno mawili.

Wachoraji wao hawakuyafuta. Peter Michal Bohúň, mzaliwa wa Orava mwaka 1822, aliwachora wanakijiji na mavazi ya kwao kwa uangalifu mkubwa. Wakati huo Slovakia ilikuwa ndani ya ufalme wa Hungaria. Mwaka 1875 serikali iliifunga Matica slovenská, taasisi ya utamaduni wa Waslovakia iliyoanzishwa mwaka 1863, na lugha yao ikazidi kusukumwa nje ya shule. Katika hali hiyo, kumchora mkulima kwa heshima ambayo kawaida walipewa mabwana lilikuwa jambo zito.

Lakini ninayempenda zaidi ni Dominik Skutecký. Alizaliwa Gajary mwaka 1849, akasoma Vienna na Venice, akachora maisha ya mitaani ya Venice, kisha mwaka 1889 akahamia Banská Bystrica. Mwaka huohuo alichora soko la mji huo: wauzaji na wanunuzi katika uwanja wa mji, nguo zao zikiwa za kazi. Baadaye akaingia kwenye kiwanda cha kufua shaba na kuwachora wafanyakazi wake, giza likiwazunguka na mwanga wa tanuri ukiwapiga usoni na mikononi. Sijaona mchoro wa kazi ulionigusa kuliko michoro hiyo. Na nyumba aliyojijengea mjini humo leo ni jumba la sanaa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, Mhariri. Mkichapisha nguo za sikukuu peke yake, msomaji atadhani watu wale waliishi kwa kucheza ngoma. Shati lile jeupe lilianzia shambani. Kitani kiling'olewa, kikalowekwa majini, kikaanikwa, kikapondwa, kikachanwa nyuzi. Jioni za baridi wanawake wakakaa pamoja kusokota, ndipo kitambaa kikafumwa na kuanikwa juani mpaka kiwe cheupe. Darizi ilifuata baada ya hapo. Mwenye shati hilo siku nyingine alikuwa machungani na kondoo, au msituni akikata miti kwenye theluji, amevaa sufu nzito na viatu vya ngozi vya kufungwa kwa kamba. Ndiyo maana nguo ya kanisani ilitunzwa kwa wivu namna ile.

Matunzio ya Taifa ya Slovakia yameweka picha nyingi za makusanyo yao kwenye intaneti, kila moja na jina la mchoraji, kwa hiyo kazi ya kutafuta si kubwa. Naomba toleo lijalo muweke mchoro wa soko na mmoja wa wafua shaba kwenye ukurasa mmoja, na chini yake muandike wazi: Dominik Skutecký, Banská Bystrica, na mwaka wa kila mchoro.

Bwana misitu mstaafu,
Lushoto, Tanga