Krismasi njema kutoka Mtwara, na habari za bibi mmoja wa Chicago

Shikamooni wakubwa wote, na wadogo marahaba hata kama hamjaamkia. Krismasi njema kutoka Mtwara kwa ndugu wote mliotawanyika, wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, Lindi mjini, na ile kambi yetu kubwa ya Mbagala ambayo najua nusu yake sasa hivi iko kwenye basi inahesabu Kibiti, Somanga, Nangurukuru, mfike salama jamani. Na Waislamu wetu, maana ukoo huu tumechanganyika tangu zamani na ukweli ni kwamba nyie ndio mnaopika pilau vizuri kuliko wenye sikukuu, karibuni kama kila mwaka, msisubiri kadi.

Msimu umekaa vizuri tusikufuru. Korosho imeanza mnadani kwa bei nzuri, watu waliozoea kununa nje ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, safari hii wanasalimia mpaka wasiowajua, bodaboda mpya kila kona, bati zinapanda, maembe yameiva mpaka yanaokotwa na mbuzi. Na sabufa! Pesa ya korosho mwaka huu imeingia kwenye sabufa, mtaani kwetu kila nyumba inapiga wimbo wake na hakuna anayesikia wa kwake. Watoto wamefunga shule wako katikati ya hizo kelele wanacheza, wanacheza vizuri kweli, lakini ukiangalia unaona hakuna mtu mzima anayeimba nao, sisi tumekaa pembeni na simu tunawarekodi.

Ndio maana nataka niwape habari za huyu mama. Anaitwa Ella Jenkins, alifariki tarehe 9 Novemba 2024, huko Chicago, akiwa na miaka 100 kamili na miezi yake. Wamarekani wanamhesabu ndio mama wa muziki wa watoto, na wengi huku hatumjui kabisa. Kazaliwa St. Louis mwaka 1924, kakulia Chicago upande wa kusini (kusini kama sisi, nimelipenda hilo), mama yake akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Walikuwa wanahamahama, na kila mtaa waliohamia alikuta watoto wana michezo yao na nyimbo zao za makofi, anazibeba, anahama nazo. Halafu kulikuwa na anko wake wakimwita Flood, mtu wa kazi za kiwandani, akirudi nyumbani anapuliza harmonika, na mtoto yuko pale miguuni anasikiliza. Shule ya muziki hakwenda, chuoni alisoma mambo ya jamii.

Sasa kitu alichokishika yule mama maisha yake yote ni kimoja tu, kuitikia. Alimuona Cab Calloway jukwaani, yule mwanamuziki aliyekuwa anarusha mstari na ukumbi mzima unamrudishia, akaona kumbe hiki ndicho watoto wanachokitaka. Alikuwa na kazi yake ya kuhudumia vijana pale YWCA, kile chama cha Kikristo cha wanawake vijana, ajira nzuri tu, mwaka 1956 akaiacha aimbe na watoto. Fikiria unakwenda kumwambia mjomba wako habari hiyo, ukoo ungekaa kikao. Mwaka uliofuata, 1957, Folkways ya New York, kampuni ndogo ya kurekodi muziki ya Moses Asch, ikamtolea albamu ya kwanza, na ilikuwa hiyo hiyo ya kuitikizana. Baada ya hapo hakusimama, albamu karibu 40, shule kwa shule na yukulele yake, kale kagitaa ka nyuzi nne, na miaka ile mtu mweusi akisafiri Marekani anafika mji kuimbia watoto halafu hoteli inamkatalia chumba.

Na hakuimba nyimbo za kwao peke yake. Alizunguka dunia akiokota nyimbo za watoto wa kila kabila na kuzirudisha darasani, mwaka 1974 akatoa albamu inaitwa Jambo ina Kiswahili ndani, yaani wakati bibi zetu huku wanatwanga kuna darasa la chekechea Marekani lilikuwa linaitikia kwa lugha yetu. Heshima zilikuja taratibu, Grammy ya kazi ya maisha yote mwaka 2004, na 2007 albamu yake ya 1966 ikaingizwa kwenye kumbukumbu ya taifa ya sauti kule maktaba kuu ya Bunge lao. Ukiisikiliza albamu yenyewe unaweza kusema mbona hakuna kitu. Sauti ya kawaida, haina mbwembwe, haina haraka, anatoa kamstari kafupi anakaacha hapo, anasubiri. Kule kusubiri ndio ufundi wenyewe. Mtoto akikosea anaendelea naye tu, na ikifika zamu ya mtoto kuongoza yeye mama mtu mzima anaitikia.

Sisi tulikuwa nayo hii bana. Ngano za bibi zote, za Kimakonde, za Kiyao, za Kimakua, lazima ndani yake kuna wimbo, sungura akikwama anaimba, na kama hamuitikii hadithi haiendi, bibi anaweza kukata hapo hapo akasema mmelala basi. Mtoto wa miaka minne alikuwa ana kazi kwenye ile hadithi. Leo katuni kwenye simu inakwenda yenyewe hata mtoto akitoka nje, bando ndio inaisha.

Halafu msiniambie watoto wa siku hizi hawataki, hiyo siikubali. Angalieni kwenye singeli, MC akirusha neno moja watoto wanalirudisha mtaa mzima, tena bila kufundishwa. Wanataka sana. Wasiotaka ni sisi tunaoona aibu, eti sauti yangu mbaya, eti mimi mtu mzima nikapige makofi na watoto. Na walimu wa kwaya mnisamehe sikukuu hii, ila ile ya kuwapanga watoto mstari wamekakamaa kama askari wa gwaride, mtoto anaogopa kupumua, mi naona tunawafundisha kuogopa kosa tu.

Kwa hiyo tangazo. Jumatano baada ya ibada na chakula tunakutana kwa mama mkubwa hapa Chikongola, chini ya mwembe, na sabufa itazimwa kuanzia saa tisa mpaka jua lizame, aliyeinunua nimeshaongea naye kakubali kwa shingo upande. Kila mtu mzima aje na wimbo mmoja aliouimba akiwa mdogo, wa ngano, wa mchezo, wa kuokotea korosho, wowote wenye kuitikia, zile za unyago tafadhali ziacheni huko huko unyagoni. Watoto wakishaushika wao ndio wanaongoza na wajomba mnaitikia, hakuna kujificha nyuma ya chupa ya uraka, ile pombe ya mabibo. Harmonika hatuna lakini ngoma ipo na madebe yapo.

Mliobaki Mbagala na Lindi tumeni voisi. Mama mdogo wa Nachingwea wewe hasa, ule wa fisi na kisima nakumbuka mwanzo tu mwisho umenipotea, utume kabla ya Jumatano, na usimtume mtu aimbe kwa niaba yako.