Deni la Reli Limehamia Yuan

Mombasa

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifikia, na nimeona ulivyofurahi kwamba Kenya imeachana na dola, baada ya Waziri wetu wa Fedha, John Mbadi, kutangaza mwezi Oktoba 2025 kuwa mikopo ya reli ya SGR tuliyopewa na Benki ya Exim ya China imehamishwa kutoka dola kwenda yuan, fedha ya China. Furaha yako naielewa, ila sikubaliani nawe kwamba tumejinasua, na naomba uniruhusu nikueleze kwa nini.

Nafuu ipo, tena ni ya kweli. Sehemu ya mikopo ile ya mwaka 2014 ilikuwa na riba isiyotulia, iliyopanda na kushuka kwa kufuata soko la dola. Benki Kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba Machi 2022 ili kudhibiti mfumuko wa bei nchini mwake, ikaitoa karibu na sifuri hadi ikapita asilimia 5 katikati ya mwaka uliofuata, sisi ambao hatukuwa na kauli yoyote katika uamuzi huo tukajikuta tunailipia zaidi reli ileile na mabehewa yaleyale. Serikali inasema mabadiliko haya yataokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Kwa nchi ambayo vijana wake waliingia barabarani Juni 2024 kupinga kodi za Mswada wa Fedha, na wengine wasirudi makwao, kiasi hicho hakipuuziki.

Lakini hiyo yuan tutaipata wapi? Chai yetu huuzwa mnadani hapa Mombasa kwa bei ya dola kwa kilo, hata mnunuzi akiwa wa Pakistan au Misri. Maua, watalii na fedha wanazotuma ndugu zetu walioko Marekani, vyote hivyo havituletei yuan, na China yenyewe tunanunua kwake vingi mno kuliko tunavyomuuzia. Kwa hiyo tarehe ya malipo ikifika, itabidi dola zitafutwe kwanza ndipo zigeuzwe yuan, na yuan nayo ikipanda thamani, mzigo utapanda nayo.

Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kutoa mizigo bandarini, na haya huyaona yakimfika mtu. Mapema mwaka 2023, dola zilipoadimika, mteja wetu mmoja aliyeagiza matairi alizunguka benki hadi benki akiuziwa dola kidogo kidogo, huku kontena lake likizidi kulimbikiza gharama za kukaa bandarini. Shilingi alikuwa nazo za kutosha, lakini muuzaji wake hakuzitaka. Serikali yetu nayo iko katika hali iyo hiyo: inakusanya kodi kwa shilingi na kulipa madeni ya nje kwa fedha za kigeni. Januari 2024 dola moja ilipofika shilingi 160, deni likavimba bila sisi kukopa hata senti, na mwezi uliofuata tukakopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ili tuweze kulipia hatifungani, yaani mkopo wa zamani wa dola, iliyokuwa ikiiva Juni.

Marekani inadaiwa zaidi ya dola trilioni 36, na Mei 2025 Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, iliivua daraja la juu kabisa la kukopesheka. Benki kuu za nchi nyingi zinakimbilia dhahabu, hasa tangu akiba ya Urusi iliyowekwa nchi za Magharibi ilipozuiwa mwaka 2022. Pamoja na yote hayo, Marekani inadaiwa fedha inayoitoa yenyewe, na hapo ndipo tofauti yetu nao ilipo. Kuhama kutoka fedha ya mgeni mmoja kwenda ya mgeni mwingine hakuigusi tofauti hiyo.

Mimi naona heri tukope zaidi kwa shilingi, ingawa najua hilo nalo lina gharama yake: katikati ya mwaka 2024 serikali ilikuwa ikichukua mikopo ya miezi mitatu kwa riba ya asilimia 16 hivi, na mfanyabiashara mdogo aliyekwenda benki kuomba mkopo alitozwa zaidi ya hiyo. Hata hivyo, riba ya shilingi inajadiliwa Nairobi, na tunao uwezo wa kuwauliza wanaoipanga.

Kwenu huko Tanzania, kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hatua ambayo mimi naiheshimu sana. Niandikie kama wenye majengo hapo Dar es Salaam wanapokea kodi ya pango kwa shilingi kwelikweli, au wanapiga hesabu kwa dola kwanza na kuigeuza kila mwezi kwa kiwango cha siku hiyo.

Wako wa dhati,
Sahibu yako wa Mombasa