Risala ya Watoto na Kamati ya Bustani ya Mtaa kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Ofisa Kilimo wa Kata, walimu, wazazi na walezi, watoto wetu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya Kamati na watoto 34 walioketi mbele yako, tunakukaribisha kwa furaha kubwa na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, tena kwa kufika saa nne kamili kama barua ilivyosema, jambo ambalo bustani hii haijalizoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bustani ilianza mwaka 2021 mahali palipokuwa jalala, kwa watoto 9, majembe 3 ya kuazima na ruhusa ya Serikali ya Mtaa. Historia iliyobaki imo katika taarifa uliyokabidhiwa ulipowasili.

Mafanikio ni makubwa. Tunayo matuta 14 ya mchicha, chainizi, figiri, matembele na nyanya. Watoto wamebobea katika kilimo cha kisasa, kiasi kwamba hata wa darasa la pili wanajua kutengeneza mboji. Na kikundi kimeingia rasmi katika biashara ya mboga, kwa maana kwamba msimu uliopita tuliuza mafungu 93 nje ya geti la shule na kupata shilingi 46,500, ambazo zipo salama kwa Mhazini.

Mheshimiwa, pamoja na mafanikio hayo tunayo changamoto moja, nayo ni maji. Kama unavyofahamu, mvua za Dodoma huanza Desemba na kwisha Aprili, hivyo kwa zaidi ya nusu ya mwaka bustani inaishi kwa kumwagiliwa. Tuta moja hutumia madumu mawili ya lita 20 kwa siku, moja asubuhi na jingine jioni, maana yake matuta yote yanahitaji lita 560, na maji hayo watoto huyafuata mbali, kabla ya shule na baada ya shule. Ifikapo Agosti tunalazimika kuacha matuta 9 yakauke ili 5 yapone. Kila tuta linaloachwa lina mtoto aliyelipanda, na sisi wanakamati ndio tunaokwenda kumweleza.

Hii ni risala ya tatu kusomwa hapa kuhusu maji. Mwaka 2022 mgeni rasmi wa siku hiyo, kwa ukarimu tulioupigia makofi marefu, aliahidi kisima kirefu. Wapimaji walikuja, wakapigilia vigingi vinne, wakaondoka. Vigingi tumevitunza, na kwa sasa vinaegemeza nyanya. Mwaka 2023 mgeni mwingine aliahidi simtanki la lita 5,000 ndani ya wiki mbili, akatuelekeza tutangulie kujenga mnara wa kuliweka. Wazazi walichanga, mnara ukasimama, na ndio huo unaouona nyuma ya meza kuu, ambao hadi leo hakijapanda kitu juu yake isipokuwa kuku wa majirani. Hatulalamiki, kwani tunatambua kwamba viongozi wana majukumu mengi. Nakala za risala zote mbili tumeziambatanisha, na hundi ya mfano tuliyokabidhiwa wakati wa ahadi hizo bado tunayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kisima hatukiombi tena. Tunaomba simtanki hilo la lita 5,000, bomba la mita 70 kutoka njia ya maji inayopita barabarani, na gharama ya kuunganishiwa pamoja na dira ya maji. Kwa kuwa maji ya bomba huja kwa mgao, tanki likijaa mara moja litatuvusha siku nane. Wakati wa mvua tutalijaza kutoka paa la ofisi ya Mtaa, lenye mita za mraba 60, ambapo mvua ya milimita 10 tu huteremsha takriban lita 600. Ankara za kila mwezi tutalipa wenyewe kutokana na mauzo. Makadirio ya fundi na bei za maduka matatu zimo katika bahasha.

Endapo ombi hili halitawezekana mwaka huu, tunakuomba kwa heshima zote utuambie leo, mbele ya watoto, ili tujue mapema ni matuta mangapi ya kupanda mwezi Julai.

Baada ya risala hii watoto watakuongoza hadi tuta namba 6, uliloachiwa wazi upande mche wa kumbukumbu. Dumu la kuumwagilia limeshachotwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Bustani